Injini ya lori ndani ya Land Rover ya mzee

Nimekuwa kimya muda mrefu, na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Ule muda ambao huwa naandika hapa kuhusu programu na hifadhidata niliutumia nikiwa nimelala chali chini ya gari, uso umejaa oili. Kwa hiyo leo tuweke kompyuta kando kidogo. Wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya PostgreSQL wavumilie, itakuja.

Kwanza niwajulishe gari lenyewe. Kwetu ni Adu, kaunti ya Kilifi. Kwa wasiopajua: toka Malindi, vuka daraja la mto Sabaki, pita Mambrui na Gongoni penye mashamba ya chumvi, halafu iache lami ya kwenda Garsen uingie bara. Kuanzia hapo ni mchanga wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Hospitali kubwa iko Malindi. Vipuri viko Malindi. Mimi mwenyewe kazi yangu iko Mombasa, nyumbani naenda wikiendi mbili kwa mwezi nikijaliwa.

Mzee wangu alinunua Land Rover 109 mwaka wa 1987, ikiwa tayari imechoka. Ni Series IIA ya 1969, ile ndefu yenye mgongo wa turubai. Imebeba mahindi, mbuzi, mapipa ya maji wakati wa ukame, maharusi, maiti, na wanawake wenye uchungu siwezi kuwahesabu. Mtu akizidiwa usiku kwetu, watu hawaanzi kutafuta namba ya ambulensi. Wanakuja kubisha kwa mzee. Gari hilo likilala, halilali kwetu peke yetu.

Injini yake ya asili ilikuwa ya petroli, silinda nne, 2286 cc. Land Rover waliianzisha 1958, na ilipokuwa mpya ilitoa nguvu ya farasi 77 hivi. Yetu haikuwa mpya. Ilikuwa inakunywa lita moja kwa kilomita tano, na oili ikinywa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Mwanzoni mwa 2023 silinda hedi ikapasuka, na fundi akasema tukiitengeneza hiyo, bloku yenyewe nayo imeliwa. Basi ikabidi tuamue.

Hapa lazima niungame. Kwa miaka nimekuwa nikitazama video za Wamarekani wanaochukua gari kuukuu la porini na kulitumbukizia V8 ya kutisha. Wao wana jamii ya injini wanazoziita bloku kubwa, mfano Chevrolet 454 iliyotoka 1970. Hiyo namba ni inchi za ujazo, kwetu ni lita 7.4. Ikinguruma, hata mimi niliyekaa mbele ya skrini nywele zinanisimama. Lakini piga hesabu ya petroli kutoka Adu mpaka Malindi na kurudi, ndoto inaisha yenyewe. Kwetu bloku kubwa maana yake ni dizeli ya lori.

Orodha yangu ilikuwa na mambo matatu:

1. Kutafuta injini nyingine ya petroli kama ile ile. Rahisi kufunga, lakini kiu ile ile.

2. Toyota 1HZ, dizeli, silinda sita, 4164 cc. Injini ya kuaminika sana, na vipuri viko kila kichochoro. Tatizo ni ndefu. Silinda sita zimepangwa kwa mstari, tungelazimika kukata uso wa gari. Na bei yake ilinifanya nifunge daftari.

3. Isuzu 4BD1, dizeli, silinda nne, 3856 cc, ile ya malori madogo. Fupi, imara, na mafundi wa Malindi wanaifungua wakiwa wamefumba macho.

Nilipoisoma habari zake nikakuta kwamba Australia jambo hili si geni. Kule Land Rover ziliuzwa zikiwa na injini hiyo hiyo ya Isuzu kutoka kiwandani, na jeshi lao lilizitumia kuanzia 1987 kwa jina la Perentie. Nikaona sasa nina ushahidi. Nikampelekea mzee.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo injini ya lori, hili gari litaiweza?"

"Baba, jeshi la Australia limefanya hivyo hivyo. Land Rover na Isuzu."

"Sawa. Lakini wao walibadilisha injini peke yake?"

Nikamjibu jibu la haraka haraka. Niliona ni swali la mtu wa zamani anayeogopa vitu vipya. Naomba mlikumbuke swali hilo, tutalirudia.

Kazi ilianza Machi. Tuliifanyia kwa fundi wa jua kali Malindi, chini ya mwarobaini, na cheni ya kuinulia injini ikining'inia kwenye mbao mbili. Mimi nilikuwa nikifika Jumamosi asubuhi na laptopu yangu na michoro niliyokusanya, fundi ananitazama, anatabasamu, ananipa spana.

Nilidhani kazi kubwa ni kutoa injini na kuingiza injini. Wapi! Kutoa ilikuwa asubuhi moja. Kuingiza ilikuwa mchana mmoja. Miezi minne iliyobaki ilikwenda kwenye mahali ambapo vitu viwili vinakutana. Ninyi mnaoandika programu mnanielewa: mfumo huu unazungumza hivi, ule unazungumza vile, na wewe kazi yako ni kukaa katikati ukitafsiri. Nitaje machache.

Injini na giaboksi. Matundu ya bolti ya Isuzu hayalingani kabisa na ya giaboksi ya Land Rover. Inabidi ukereze bamba nene la chuma, upande mmoja lifunge injini, upande wa pili giaboksi. Ugumu si matundu. Ugumu ni kitovu. Shafti ya giaboksi inaingia katikati ya flaiwili, na viwili hivyo lazima viwe kwenye mstari mmoja sawasawa. Ukikosea kwa unene wa ukucha, gari litatembea, halafu baada ya muda litakula beringi na klachi. Bamba la kwanza tulilitupa. La pili likakubali.

Umeme. Lori letu lilikuwa la volti 24, Land Rover ni volti 12. Taa, honi, kila kitu kwenye gari kingeungua. Tukatafuta staata na olteneta za volti 12 za injini hiyo. Na hapo kuna mtego: nyuma ya olteneta ya Isuzu kuna pampu ndogo ya kuvuta hewa kwa ajili ya breki. Mtu akikuuzia olteneta isiyo na pampu hiyo ukafunga, utashangaa baadaye. Sisi tulipata yenye pampu, tukaitumia kuongeza nguvu ya breki, kwa sababu breki za gari hili ni za dramu na sasa zilikuwa na mzigo mpya wa kusimamisha.

Kuzima. Hili lilituchekesha. Injini ya petroli ukigeuza ufunguo unakata umeme wa plagi, inazimika. Dizeli haina plagi za cheche. Siku ya kwanza ilipowaka tulishangilia, tukapigana mikono, kisha nikageuza ufunguo ili izime, nayo ikaendelea kunguruma kama haijanisikia. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Tukafunga waya wa kuvuta kwa mkono unaokata dizeli kwenye pampu. Mpaka leo ndiyo njia ya kuizima.

Uzito. Injini mpya imezidi ya zamani kwa zaidi ya kilo mia moja, na zote ziko mbele. Pua ikainama. Tukaongeza bamba moja kwenye kila springi ya mbele. Rejeta nayo ikaongezwa safu.

Na vipimo. Land Rover ya umri huo ni ya inchi, Isuzu ni ya milimita. Kwa hiyo unabeba seti mbili za spana. Hili nalo mlikumbuke.

Mwishoni mwa Julai tukaliendesha mpaka Adu. Jamani! Mchanga uliokuwa ukililaza gari kwa gia ya kwanza sasa tulikuwa tunaupita kwa gia ya pili huku nikizungumza na simu mfukoni inalia. Dizeli inanipa kilomita tisa kwa lita, kumi nikiwa mpole. Watoto walikimbia nyuma wakisema lori limekuja. Nikawa na kiburi. Nikawa nikivuta matrekta. Nikawa nikiwaonyesha vijana jinsi linavyoondoka kwenye tope bila hata kuongeza mafuta. Mzee alikuwa akikaa pembeni, mkono dirishani, hasemi neno.

Wengi mnakumbuka mvua za El Niño za Oktoba hadi Desemba 2023. Pwani na Tana River maji yaliingia majumbani. Wikiendi moja ya Novemba nilikuwa nyumbani, na saa saba usiku mlango ukabishwa. Alikuwa jirani, mkamwana wake ana uchungu tangu jioni, mkunga amesema mtoto hajakaa vizuri, apelekwe Malindi.

Tukaondoka watu saba. Mgonjwa amelazwa nyuma kwenye godoro, mama mkwe wake na mkunga wamemshika, mzee pembeni yangu. Mvua haioni haya. Tulienda vizuri mpaka tulipofika mahali penye bonde dogo ambapo maji yalikuwa yamekata njia. Nikaweka gia nzito, magurudumu manne, nikaingia. Gurudumu la nyuma la kushoto likazama kwenye shimo. Badala ya kushuka nikatazame, nikafanya nilichozoea miezi ile mitatu. Nikakanyaga.

Ulisikika mlio mmoja tu. Kak! Kama mtu amevunja muwa mkavu. Injini ikanguruma vizuri kabisa, na gari halikwenda popote.

"Hafu-shafti," mzee akasema. Hakuna aliyemwambia.

Hafu-shafti, kwa wasioijua, ni fito la chuma linalotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Kwenye ekseli ya gari hili fito hilo lina meno 10 tu mwisho wake, na wapenzi wa Land Rover duniani kote wanalijua kwa jambo moja: kukatika. Bahati yetu ni kwamba waliolichora gari hili waliliweka fito hilo libebe kuzungusha tu, uzito wa gari unabebwa na kitu kingine. Kwa hiyo linaweza kukatika na gurudumu lisitoke. Ungekuwa muundo mwingine, gurudumu lingetuacha pale pale.

Magurudumu ya mbele bado yalikuwa yanavuta. Mzee akasema tutoe propela-shafti ya nyuma kabla ya kuendelea, ili kipande kilichokatika kisije kikasagwa ndani ya difu na difu nayo ikafunga. Bolti nane. Nikachukua boksi langu jipya la spana, zile nilizonunulia injini mpya. Kumi na nne haiingii. Kumi na tano inateleza. Bolti zile ni za inchi, tisa kwa kumi na sita, na seti ya inchi nilikuwa nimeiacha kwa fundi Malindi kwa sababu niliona imepitwa na wakati.

Nililala ndani ya maji chini ya gari, tochi mdomoni, nyuma ya kichwa changu yule dada analia, na nikagundua kwamba sina spana ya gari la baba yangu.

Mzee akainua kiti, akatoa kitambaa cha kanga kuukuu, akakifungua. Spana mbili, zimeng'aa kwa miaka. Akanipa. Hakusema kitu, na afadhali angesema.

Wanaume wa mji wa karibu walisikia injini wakaja na majembe, matawi na kamba. Walisukuma, mbele ikavuta, tukatoka. Kutoka pale mpaka lami tulikwama mara mbili zaidi. Hospitalini Malindi tulifika kumekucha. Muuguzi aliyempokea aliuliza, "Mmekuwa wapi saa zote hizi?" Mama mkwe alijibu kwamba gari liliharibika. Hiyo si kweli. Gari halikuharibika, nililivunja mimi.

Mtoto alizaliwa asubuhi hiyo kwa upasuaji. Yeye na mama yake wazima, alhamdulillahi. Nawaambia ili msisome hadi mwisho mkiwa na wasiwasi. Lakini mimi nilikaa kwenye benchi nje nikitetemeka, na haikuwa baridi.

Niliporudi Mombasa nikachukua karatasi nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya Machi. Injini ya zamani ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 168 hivi. Hii ya Isuzu ina takriban 255, tena inazitoa chini kabisa, karibu mizunguko 1900 kwa dakika. Ukiweka gia nzito ya kwanza, gari hili linaizidisha nguvu hiyo mara 40 na zaidi kabla haijafika kwenye magurudumu. Mara 40 ya 168 ni 6,720. Mara 40 ya 255 ni 10,200. Kwa kawaida nguvu hiyo inagawanywa, na gurudumu likizidiwa linateleza tu. Lakini gurudumu likiwa limebanwa kwenye shimo haliwezi kuteleza, na lile fito la miaka 54 ndilo linalosota katikati. Injini ya zamani isingeweza kulikata kirahisi hivyo. Ingezimika kwanza. Udhaifu wake ndio uliokuwa ulinzi wa vitu vyote vilivyokuwa nyuma yake, na mimi niliuondoa ulinzi huo nikaita maendeleo.

Kinachoniuma ni kwamba kazini jambo hili nalijua. Nimewahi kuhamishia mfumo kwenye seva yenye kasi mara nne, tukafurahi, na kesho yake hifadhidata ikaanguka kwa sababu sasa maombi yalikuwa yanaifikia kwa kasi ambayo haikuwahi kuiona. Seva ya zamani ilikuwa foleni bila sisi kujua.

Na lile swali la mzee? Nikalitafuta jibu kwa heshima safari hii. Zile Perentie za Australia hazikuwa na giaboksi kama yetu. Zilikuwa na giaboksi nzito iliyotokana na ile ya Range Rover ya V8, na ekseli ya nyuma aina ya Salisbury, nene kuliko yetu. Tena Land Rover wenyewe, walipotia V8 ya 3528 cc kwenye 109 mwaka wa 1979, waliipunguza makusudi mpaka nguvu ya farasi 91, ilhali kwenye Range Rover injini hiyo ilikuwa na nguvu zaidi. Waliotengeneza gari waliogopa injini yao wenyewe. Mimi na laptopu yangu sikuogopa.

Basi tumefanya nini? Nimepata ekseli ya Salisbury ya 109 Series III kwa muuza vyuma chakavu. Hafu-shafti zake zina meno 24. Anayetaka kufanya hivi awe macho: difu zetu zina uwiano wa 4.7, na Defender zilizokuja baadaye ni 3.54. Ukifunga ya 3.54 nyuma na mbele ukaacha 4.7, siku utakayoweka magurudumu manne yatapigana yenyewe kwa yenyewe mpaka kitu kivunjike. Fundi wa pampu naye amepunguza dizeli kidogo. Giaboksi bado ni ile ile ya zamani, kwa hiyo mguu wangu ndio ulinzi uliobaki.

Kama unafikiria kufanya kama mimi, sikiliza haya:

1. Usianze na injini. Anza na gurudumu, rudi nyuma: hafu-shafti, difu, propela-shafti, giaboksi, klachi. Injini iwe ya mwisho kuichagua.

2. Breki kabla ya kasi.

3. Kitabu cha gari kina nambari ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta. Ukibadilisha injini, gari likaguliwe na rekodi za NTSA zibadilishwe, na bima yako ijue. Usisubiri siku ya ajali.

4. Beba spana za gari lote, si za sehemu unayoipenda.

Mtoto yule sasa anatembea. Wiki iliyopita alipandishwa kwenye gari akalia, kelele za dizeli hazipendi. Mzee ameandika kwa rangi nyeupe kwenye dashibodi, herufi kubwa, upande wa dereva: POLEPOLE. Nikiwa naendesha yeye hukaa pembeni kama kawaida, mkono dirishani. Chini ya kiti chake kile kitambaa cha kanga bado kipo. Nimemwomba anipe zile spana nikae nazo mimi, akasema bado.

Haya, wikiendi ijayo narudi kwenye PostgreSQL. Kwaherini kwa sasa.